Daftari la Wanachama Linapoharibika katika Kompyuta

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Maposeni, Songea)



Tangu mwaka 1936, wakulima wa tumbaku wa Songea walipounda chama kikuu cha NGOMAT, ushirika wa sehemu hizi umesimama juu ya orodha ya watu wanaojulikana kwa majina. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 nayo inakitaka kila chama kiwe na daftari la wanachama. Jina likipotea, haki ya kura hutiwa shaka, na malipo ya mazao huweza kumfikia asiyestahili.

Siku hizi daftari hilo, pamoja na namba za simu na anwani za barua pepe, huwekwa katika kompyuta. Umeme ukikatika katibu angali anaandika, daftari huweza kuvurugika: majina mengine hurudiwa, mengine hayaonekani.

Hata hivyo, kutoonekana si kupotea. Ndani ya kompyuta mna kumbukumbu zenyewe, na mna faharasa inayoonyesha kila kumbukumbu ilipo. Pengine iliyoharibika ni faharasa tu, na majina yangalipo. Basi kazi ifuate utaratibu huu:

Kwanza, uandishi wote usimamishwe, kwani kila neno jipya huweza kufuta la zamani.

Pili, itolewe nakala ya daftari kama lilivyo, ihifadhiwe mahali pengine. Matengenezo yafanywe juu ya nakala, asili isiguswe.

Tatu, fundi ajaribu kuijenga faharasa upya. Ikishindikana, atoe majina na namba kama maandishi ya kawaida, kisha ayaingize katika daftari jipya.

Nne, daftari jipya lilinganishwe na lile la karatasi, mwanachama mmoja mmoja. Palipo na tofauti, fundi asiamue. Wanachama waulizwe na uamuzi uandikwe.

Hapo ndipo penye uzito. Fundi anajua kompyuta, lakini hajui kama watu wawili wa jina moja ni ndugu wawili au ni mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili. Wanaojua ni wanakijiji wenyewe.

Kwa hiyo, Ndugu Makatibu, daftari la karatasi lisitupwe, na nakala ya kompyuta itolewe kila wiki na kuwekwa nje ya ofisi. Mali ya mkulima hulindwa ghalani; jina lake hulindwa daftarini.