Ugonjwa usiouma: kwa nini mjamzito anayejisikia mzima hupewa rufaa

Maneno ya muuguzi mkunga wa zahanati yetu katika mkutano wa hadhara wa kata



Katika mkutano uliopita mzee wetu mmoja alisimama akauliza: mkamwana wake alikwenda kliniki kwa miguu yake, anacheka, ana nguvu, kabla ya adhuhuri familia ikaambiwa apelekwe hospitali ya wilaya siku hiyohiyo. Ni ugonjwa gani huo usiouma? Wengi mlimpigia makofi. Jua lilikuwa limekuchwa na ajenda ya maji ilikuwa bado, nami sikumjibu ipasavyo. Nimeomba nafasi leo nimjibu.

Ugonjwa huo kitaalamu huitwa priekilampsia, nao ndio unaotangulia kifafa cha mimba. Kwa kawaida huonekana baada ya wiki ya 20 ya ujauzito, lakini chanzo chake ni cha mapema zaidi. Katika miezi ya mwanzo, kondo la nyuma hujishikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba na kuitanua mishipa midogo ya damu iliyopo hapo, ili mtoto apate damu tele. Kwa baadhi ya kina mama kazi hiyo haikamilika. Mwenye bustani ya kumwagilia anaelewa: mdomo wa mfereji usipopanuliwa, mimea hukosa maji hata kama mto umejaa. Kondo lenye njaa ya damu humwaga kemikali fulani katika damu ya mama, nazo huzunguka naye mwili mzima.

Kemikali hizo huudhuru utando laini uliotandikwa ndani ya kila mshipa. Utando huo hauonekani kwa macho, lakini una kazi kubwa. Huufanya mshipa ulegee, damu ipite bila kusukumwa kwa nguvu. Ukidhurika, mishipa hukaza na shinikizo la damu hupanda. Huzuia maji na protini visivuje. Ukidhurika, protini hutokea kwenye mkojo, na uso na mikono huweza kuvimba. Ndiyo maana kila mnapokuja tunawafunga kile kitambaa mkononi na kuwaomba mkojo. Wengine hunong'ona kwamba tunawachosha. Shinikizo likifika 140/90 halileti maumivu yoyote, wala si kila mgonjwa huvimba. Bila vipimo hivyo viwili hatuna njia ya kujua.

Lakini kazi ya tatu ya utando huo ndiyo hasa iliyonifanya nisimame hapa. Huizuia damu isigande mahali pasipo na jeraha. Katika damu yetu kuna chembe sahani, vipande vidogo mno ambavyo hukimbilia palipokatika na kupaziba. Zikiukuta utando umeharibika, hudhani pana jeraha, zikajishikiza hapo. Haya hutokea kwenye figo, kwenye ini, na kwenye kondo lenyewe, mahali pengi kwa wakati mmoja. Chembe hizo huisha zikitumika pasipohitajika. Mtu mzima huwa nazo kati ya 150,000 na 400,000 katika mikrolita moja ya damu. Kwa mjamzito mwenye ugonjwa huu, zikishuka chini ya 100,000 tunahesabu kwamba hali ni mbaya. Jambo la kusikitisha ni kwamba mwili wa mjamzito huwa umejiandaa tangu mapema kwa damu yake kuganda upesi, ili siku ya kujifungua asipoteze damu nyingi. Huyu huifikia siku hiyo akiba imekwisha.

Kwa baadhi yao hata chembe nyekundu hupasuka zinapopenya kwenye mishipa iliyobanwa, na ini huumia. Hapo ndipo mama husikia maumivu juu ya tumbo, chini ya mbavu za kulia, na nyumbani wakamnunulia dawa ya vidonda vya tumbo. Maumivu hayo kwa mjamzito, au kichwa kinachogonga bila kutulia, au macho kuona ukungu, hayasubiri asubuhi.

Sasa, kwa nini rufaa? Zahanati yetu haina mashine ya kuhesabu chembe sahani wala ya kupima ini na figo. Haina damu ya kuongezea. Tena mama akihitaji upasuaji, daktari lazima ajue hesabu hiyo kabla ya kumchoma ganzi ya mgongoni, kwa kuwa damu isiyoganda inaweza kuvuja karibu na uti wa mgongo.

Nitakiri jambo. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa kituo kingine, nilimwandikia rufaa mama mmoja mwenye 160/110. Nilimwambia tu, "Presha imepanda, nenda wilayani." Sikumweleza zaidi, foleni ilikuwa ndefu. Familia ilikuwa na msiba, wakaona wasubiri uishe, kwa maana mgonjwa wao alikuwa anapika na kuchota maji kama kawaida. Siku ya tatu usiku aliletwa akiwa na degedege, fizi zinatoka damu. Yeye alipona baada ya kuongezewa damu. Mtoto hakupona. Wapo waliosema ni mapepo, nami sikuwalaumu, kwa sababu mwenye maelezo nilikuwa mimi na sikuwa nimeyatoa.

Degedege lina kinga: sindano ya magnesiamu salfeti. Utafiti uliotangazwa mwaka 2002, uliohusisha kina mama zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba inapunguza hatari hiyo kwa zaidi ya nusu. Lakini ugonjwa wenyewe huanza kuondoka mtoto na kondo wakishatoka, na pengine madaktari huamua mama azalishwe kabla ya siku zake. Hata hapo msimsahau: unaweza kumrudia, au kumwanza, ndani ya wiki 6 baada ya kujifungua.

Kina baba, mkipokea rufaa, nendeni na kadi ya kliniki, na aende ndugu aliye tayari kutoa damu. Na aliyewahi kuugua hivi akishika mimba nyingine, aje mapema, asisubiri tumbo lionekane. Ipo aspirini ya kiwango kidogo ambayo daktari huweza kumwanzishia kuanzia wiki ya 12 hivi. Asijinunulie dukani.

Mashine ya kupimia nimekuja nayo. Mkutano ukiisha nitakuwa pale chini ya mwembe, na mjamzito yeyote aje nimpime kabla hajaondoka.