Kabla Mashua Haijawa Yenu: Aina za Ukaguzi na Namna ya Kujitayarisha

(Mazungumzo yaliyotolewa kwenye semina ya vikundi vya wavuvi na akina mama wauza samaki, pwani ya kusini)



Tumeombwa tuzungumze juu ya ukaguzi wa mashua. Tunajua wako watakaosema, sisi tumezaliwa ufuoni, nani wa kutufundisha mashua? Ni kweli. Lakini kuendesha chombo ni kazi moja, na kukikagua ni kazi nyingine. Nahodha anaweza kujua kila mwamba tangu Vanga hadi Shimoni, na asijue kwamba ubao ulio chini ya miguu yake umeoza. Tena siku hizi vikundi vingi vinaacha mitumbwi na kutafuta boti za faiba zenye injini, na pesa zinazotumika si za mtu mmoja. Ni akiba ya akina mama karanga ishirini na zaidi, iliyowekwa kidogo kidogo kila juma kwa miaka.

Ukaguzi si wa namna moja. Upo wa kabla ya kununua, upo wa leseni, upo wa bima au mkopo, upo wa baada ya ajali, na upo wa chombo kinachojengwa. Kila mmoja una mwenyewe anayeutaka na swali lake. Watu wengi huchanganya, wakaonyeshwa karatasi ya leseni wakadhani wamehakikishiwa kwamba mashua ni nzima. Mkaguzi wa leseni aliitazama siku ile, kwa ajili ya usalama. Hakuulizwa kama inafaa bei mnayoambiwa.

Tuanze na ule wa kabla ya kununua, maana hapo ndipo vikundi huumia.

Kuna kikundi kimoja tunachokitembelea. Walipata boti ya faiba, imepakwa rangi mpya, buluu na nyeupe, inang'aa. Mwenyekiti akatoa arubuni siku hiyo hiyo, kwa mkataba wa mistari minne, akiogopa wengine wasije wakaichukua. Fundi aliletwa baadaye. Akagonga ubao wa nyuma, ule unaobeba injini, ukalia bu, bu, kama kitu kilichojaa maji. Akashika injini akaikandamiza chini, na ubao ukacheza kama jino bovu. Ndani ya faiba kulikuwa na plaiwudi iliyokwisha kulowa na kuoza, na nje hakukuonekana kitu. Injini inaweza kung'oka na ubao wake katikati ya bahari. Muuzaji akasema arubuni hairudi. Mambo yakaenda hadi kwa chifu, na kikundi kikarudishiwa nusu tu.

Basi, jambo la kwanza ni mkataba. Kabla shilingi moja haijatoka, iandikwe kwamba mnanunua baada ya ukaguzi, na mkaguzi akikuta kasoro kubwa arubuni inarudi yote au bei inapunguzwa. Muuzaji akikataa maneno hayo, amekwisha kuwaambia habari za mashua yake.

La pili, mkaguzi alipwe na nyinyi. Anayelipwa na muuzaji anakula kwa muuzaji. Na kama ni mashua ya mbao, pengine mtu bora kuliko wote ni mzee mjenzi wa vyombo kutoka kijiji kingine, asiye shemeji wa muuzaji. Elimu yake haiko kwenye cheti, iko kwenye nyundo.

La tatu, chagueni maji. Chini ya mashua hakukaguliwi ikiwa inaelea. Bamvua zipo mbili kila mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na wakati huo maji ya huku kwetu hushuka mita 3 na zaidi. Tena kupwa kwake huangukia asubuhi, kama saa nne hivi. Ipwelezeni mashua mahali penye mchanga, mtegemeze ubavu, na fundi ana saa kadhaa za kulala chini na kutazama mkuku kwa mwanga wa jua. Msimwite wakati wa maji mafu, mtamlipa nauli ya bure.

Sasa kutayarisha chombo chenyewe. Toeni nyavu, masanduku, mawe, kila kitu. Ng'oeni mbao za sakafu, maana uozo hupenda mahali ambapo maji ya ngama hulala na upepo haupiti. Komboeni chaza na majani yaliyoshika chini. Lakini msipake rangi! Hili tunalisema kwa wale wanaouza pia. Rangi mpya kabla ya ukaguzi humfanya fundi mwenye akili ashuku zaidi, naye ana haki. Vivyo hivyo kalafati: ile ya zamani iachwe aione jinsi ilivyo.

Fundi atagonga kila ubao. Mbao nzima hulia kwa sauti kali, iliyooza hulia kwa sauti nzito. Atachoma kwa kisu chembamba pembezoni mwa misumari, na palipo na michirizi ya kutu atauliza msumari umebaki kiasi gani ndani. Atatafuta vitundu vya wadudu wa baharini, ambao huingia kwa tundu dogo kama la sindano na kula ubao kwa ndani. Atahesabu mataruma yaliyovunjika. Kwenye faiba atatazama malengelenge, nyufa, na ile sehemu ya injini tuliyoisema. Mtu mmoja wa kikundi awe karibu akiandika. Si lazima awe mwenyekiti, awe yule mwenye mwandiko unaosomeka.

Mashua ya mbao iliyokaa juani miezi miwili itavuja ukiitia majini, kwa sababu mbao zimekauka na kuachana. Hilo peke yake si kasoro. Ilazeni majini siku mbili tatu mbao zivimbe, kisha ifueni maji yote jioni, mtie alama ya chaki ndani, mrudi asubuhi. Hapo maji yaliyoingia yatawaambia ukweli.

Injini ni ukaguzi wake mbali, na fundi wake mbali. Mkubaliane na muuzaji asiiwashe siku hiyo kabla hamjafika. Injini iliyopashwa moto inawaka kwa mvuto mmoja, hata ile iliyochoka. Wekeni mkono juu yake kwanza. Ikiwa ya moto, rudini kesho. Someni namba iliyochongwa kwenye injini mlinganishe na risiti, maana injini za wizi zipo, na polisi wakija hawatauliza kikundi kilinunua kwa nia gani. Kisha nendeni nayo baharini nusu saa, mkiwa na mzigo kama ule mtakaobeba kila siku.

Tumekaa sana hapo. Hizo nyingine tutazipitia upesi.

Ukaguzi wa leseni ni wa serikali. KMA, yaani Mamlaka ya Bahari ya Kenya, iliundwa 2004, na kukagua na kusajili vyombo vidogo ni katika kazi zake. Leseni ya uvuvi ni jambo jingine, iko upande wa uvuvi, na BMU ya ufuo wenu, zilizowekewa kanuni mwaka 2007, itawaeleza njia. Ukiwa na moja usidhani umepata na ya pili. Mkaguzi akija atatazama jaketi za kuokoa maisha, moja kwa kila mtu, na za watoto ziwe za watoto. Atataka nanga na kamba yake, makasia ya akiba, chombo cha kufulia maji, tochi, filimbi, kizima moto kama kuna injini ya petroli. Jaketi zisiwe zimefungwa ndani ya nailoni chini ya nyavu. Na msiazime jaketi za jirani kwa siku moja, kama tunavyosikia hufanyika. Mnamdanganya nani? Mkaguzi anarudi ofisini kwake, nyinyi ndio mnaobaki baharini.

Atawaandikia pia idadi ya watu. Kivuko cha Mtongwe kilipopinduka Aprili 1994, watu zaidi ya 270 walikufa, na nchi kavu ilikuwa karibu. Kule Ukara katika Ziwa Viktoria, Septemba 2018, MV Nyerere ilikuwa imeandikiwa watu 101; waliokufa peke yao walipita 220. Kwa hiyo namba hiyo ichorwe ubavuni mwa boti mahali ambapo abiria anaiona, naye apate nguvu ya kusema, mimi ningoje zamu ya pili.

Ukaguzi wa bima au mkopo huuliza hali na thamani. Kabla hamjalipa mtu, ulizeni kampuni au benki itakubali ripoti ya nani, msije mkalipa mara mbili. Wekeni tayari mkataba wa kununua, leseni, na risiti za matengenezo. Mwekahazina aliyetunza risiti za misumari na pamba ya kalafati ataona faida yake siku hiyo.

Baada ya ajali, okoeni watu, kisha okoeni chombo kisiharibike zaidi, mkipige picha kila upande kwa simu, mkatoe taarifa. Msikitengeneze kabla mkaguzi wa bima hajakiona. Ubao mkiutoa, uwekeni.

Na kama mnajengewa mashua mpya, mkaguzi aje mara tatu: mkuku ukishalazwa, mataruma yakishasimama kabla mbao hazijafunika kila kitu, na mwisho kabla ya rangi. Malipo ya mjenzi yafuate hatua hizo hizo.

Wakati mzuri wa kazi hizi zote ni majira ya kusi, kati ya Mei na Agosti, bahari inapochafuka na vyombo vingi viko juu. Mkingoja kaskazi ianze, mafundi wote wana kazi na bei yao imepanda.

Mama mmoja ameuliza wakati wa chai, ripoti ikae wapi. Isomwe kwenye mkutano wa wanachama wote, neno kwa neno, kwa lugha ambayo kila mtu anaielewa, iandikwe kwenye kumbukumbu. Nakala moja ikae kwa katibu, nyingine kwa mwekahazina, na ya tatu nyumbani kwa mwanachama asiye kiongozi. Ripoti isiyosomwa mkutanoni ni ya mwenyekiti, si ya kikundi.