Baiskeli ni Mali ya Nyumba Nzima

Usoke inajua safari. Wapagazi wa misafara ya Tabora na Ujiji walikwenda kwa miguu; reli ipitayo Usoke ilifika Kigoma mwaka 1914. Miguu na baiskeli havichafui hewa, lakini uamuzi wa safari hufanywa nyumbani. Penye baiskeli moja, mara nyingi baba huichukua. Mama hujitwika kuni, mtoto hutembea hadi shuleni. Kipato kikipanda, hununuliwa pikipiki, na baiskeli huegemezwa ukutani. Kuhimiza usafiri safi bila kuuliza nani ana haki ya kupanda baiskeli ni kumsifu mama kwa mzigo ambao hakuuchagua. Basi mtumishi na aanzie kwake: baiskeli iwe mali ya nyumba nzima.