Habari za Afya na Kujikinga Wakati wa Janga: Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Habari za afya humfikia mwanakijiji wa Mbinga au wa Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, kwa redio, kwa simu, kanisani, kwenye mkutano wa kijiji na kwa mdomo wa abiria anayeshuka bandarini Mbamba Bay. Kujikinga ni jambo jingine. Mtu akishasikia, bado atapima kazi ya siku hiyo, maji aliyonayo nyumbani na imani yake kwa aliyemwambia.

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na mara shule zikafungwa. Hadi mapema mwezi Mei wagonjwa waliotangazwa walikuwa 509 na vifo 21. Baada ya hapo takwimu zilinyamaza kwa zaidi ya mwaka mmoja, na mwezi Juni 2020 ikatangazwa kwamba nchi haina tena ugonjwa. Vijijini, ambako vipimo havikuwepo, tangazo la taifa ndilo lililokuwa kipimo cha hatari. Mtu aliyevua barakoa baada ya hapo hakuwa mjinga wala mkaidi. Alifuata habari aliyopewa.

Hata habari isiyoyumba hukutana na kazi. Wavuvi wa usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, huvua usiku kwa taa na kurudi alfajiri. Wanawake huusubiri mtumbwi majini, beseni mkononi, kwa sababu atakayekaa nyuma hatapata mzigo, na usipa usipoanikwa mapema jua likiwa kali huharibika. Kumwambia mama huyo asimame mita moja kutoka kwa mwenzake ni kumwambia aache riziki yake. Ushauri unaomfaa ni ule unaopanga upya mauzo yenyewe: foleni, zamu, na maji ya kunawa pale pale ufukweni.

Kwenye milima ya Umatengo, upande wa Mbinga, shida ni maji. Nyumba ziko juu ya mgongo wa mlima, vijito viko bondeni, na ndoo hupandishwa kichwani. Hapo kibuyu chirizi kina thamani kubwa kuliko bango lolote. Dumu dogo lenye tundu huning'inizwa kwenye mti, kamba huliunganisha na kijiti cha kukanyagia, na sabuni hufungwa pembeni. Maji hutoka kidogo kidogo, na mikono michafu haishiki dumu.

Nchi hii iliwahi kuonyesha jinsi habari inavyogeuka tendo. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Walisoma kijitabu, wakajadiliana, wakakubaliana la kufanya, kisha wakachimba vyoo. Nguvu ya redio ilikuwa katika mazungumzo yaliyofuata. Wamatengo, wenyeji wa milima hiyo ya Mbinga, nao walikuwa na sengu, kikao cha ukoo cha kula pamoja, kufundishana na kuamua mambo. Jambo lililopita huko lilikuwa limeshaulizwa maswali yote.

Chanjo ya korona ilithibitisha umuhimu huo wa maswali. Ilizinduliwa tarehe 28 Julai 2021, ikaanza kutolewa katika vituo 550 nchi nzima, huku uvumi kuhusu uzazi na vifo ukienea kwenye simu kwa kasi zaidi ya majibu. Baadaye huduma ilisogezwa hadi kwenye zahanati, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wakaenda kwa watu. Mhudumu anayeishi kitongoji kimoja na anaowahudumia anaweza kuulizwa swali la aibu na kuulizwa tena kesho, tangazo haliwezi.

Mwezi Machi 2022 kipindupindu kilianza nchini Malawi, kikaua watu zaidi ya 1,700. Maji ya Ziwa Nyasa hunywewa pande zote mbili, Malawi na Tanzania, na wavuvi hukutana humo. Kumwambia mkazi wa Liuli, kando ya ziwa hilo, achemshe maji ni kumwongezea mzigo wa kuni kila siku. Vidonge vya kutibu maji, vikigawiwa pamoja na ujumbe huo, humwondolea mzigo huo.