Upana wa Blanketi

Ndugu msikilizaji, leo nataka tuzungumze juu ya blanketi. Najua wapo watakaoguna na kusema bwana huyu amekosa habari: bei ya pamba ipo, barabara zipo, yeye anatuletea blanketi! Naomba subira yako kwa dakika hizi chache. Jambo lenyewe nililiona kwa macho yangu kule Lalago, wilayani Maswa, katika Mkoa wa Simiyu, na mkosaji nilikuwa mimi.

Mjomba wangu anaishi Lalago. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda dukani Kariakoo, nikamwambia muuzaji kwamba nataka blanketi zito la mzee. Akaniuliza, kitanda futi ngapi? Nikamjibu, tatu na nusu kwa sita. Akaniteremshia moja zito kweli kweli, lenye rangi ya damu ya mzee. Nikalipa, nikalifunga, nikalikabidhi kwa watu wa basi. Baada ya siku tatu mjomba akanipigia simu ya shukrani. Nikajiona mpwa wa kupigiwa mfano.

Kisha, mwezi Julai, mke wa mjomba akafariki dunia. Nikapanda basi hadi Shinyanga, nikabadili gari, tukapita Kolandoto, nikafika Lalago jioni. Anayeijua nchi ile anajua Julai ikoje. Mchana ni jua na vumbi, pamba imeshavunwa, majani yamekauka. Lakini nchi ile iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na msimu huo mbingu hazina wingu. Wingu ni kama dari. Lisipokuwapo, joto ambalo ardhi imelikusanya mchana hupanda juu na kupotea. Ifikapo saa tisa usiku, mtu wa Dar es Salaam huanza kulitafuta sweta ambalo hakulibeba.

Wanaume tulilala nje, juu ya turubai, tumeuzunguka moto. Mjomba naye, aliyekuwa mfiwa mkuu, alilala chini pamoja nasi. Nikamwona amejifunika blanketi langu. Moyoni nikafurahi, lakini furaha hiyo haikudumu. Mzee akigeuka ubavu, mgongo unabaki wazi. Akilivuta lifunike mgongo, magoti yanatoka nje. Akilala chali, upepo unaingia pande zote mbili. Mzee wa zaidi ya miaka sabini, ametoka kumzika mkewe, anakesha akivutana na blanketi nililomnunulia mimi. Mwishowe akaliacha, akasogea karibu na moto, akakaa pale mpaka majogoo yakawika.

Asubuhi nikamwamkia, kisha nikamwuliza kwa haya, "Mjomba, blanketi lile ni bovu?"

Akanijibu, "Hapana, mpwa wangu. Ni zuri. Kitandani silisemi hata kidogo. Ila wewe ulipima kitanda, mimi hukunipima."

Ndugu msikilizaji, maneno hayo nimeyachukua, na leo nakugawia. Kwa nini blanketi moja linatosha kitandani na halitoshi chini, hali mlalaji ni yule yule?

Kwanza tukumbuke kwamba blanketi halina joto lake lenyewe. Joto ni la mwili wako. Blanketi hulizuia tu lisitoroke, kwa hewa iliyonaswa katika manyoya yake. Upenyo wowote ubavuni ni mlango wa joto kutokea. Unene wa blanketi hauwezi kuuziba mlango huo. Kinachouziba ni upana.

Sasa kitazame kitanda cha mjomba. Ni kitanda cha kamba, kimelegea katikati. Mtu akilala anazama kidogo, na kamba za pembeni zinainuka kama kingo za mtumbwi. Kingo hizo zinalisukuma blanketi limguse mlalaji kwenye mbavu. Kwa hiyo hata blanketi jembamba linaziba. Lakini kitanda hicho kina adui mwingine: upepo unapita chini ya kamba. Unaweza kujifunika mablanketi matatu juu na mgongo ukaganda. Dawa yake ni kutandika kitu chini yako, iwe ngozi, godoro au gunia.

Wenzetu wanaolala kwenye machela waliligundua jambo hilo zamani. Sisi machela tunaikumbuka kwa kubebea wagonjwa na mabwana wa enzi ya ukoloni. Lakini Christopher Columbus alipofika visiwa vya Karibi mwaka 1492, aliwakuta wenyeji wakilala ndani ya nyavu zilizoning'inizwa, na baadaye mabaharia wa Ulaya wakaiga. Siku hizi wapiga kambi wa Marekani hutundika machela baina ya miti miwili na kujifunika mfarishi mwembamba wa inchi 50 hivi, kwa kuwa machela yenyewe inawakumbatia. Mfarishi wa pili huufunga chini ya machela, kwa nje, ili usibanwe na mwili. Na wale wanaolala chini hutafuta mfarishi wa inchi 55 hadi 60. Mwili ni ule ule, lakini mahali pa kulala pameongeza inchi tano mpaka kumi.

Chini, ndugu zangu, hakuna kingo. Ardhi ni tambarare, na blanketi linaning'inia kutoka begani kama paa la nyumba. Likiishia pale linapogusa turubai, basi kila ukigeuka paa linainuka. Kwa hiyo lazima upatikane upana wa ziada wa kulala juu ya ardhi, au wa kukunjia chini ya ubavu. Nayo ardhi yenyewe inanyonya joto la mwili, kwa hiyo mkeka, nyasi kavu au gunia chini yako ni lazima. Usidhani utalikunja blanketi likuhudumie juu na chini kwa pamoja. Sehemu unayoilalia hubanwa, hewa ikatoka, na joto likapungua.

Kabla sijaondoka Lalago nilichukua kamba. Nikamwomba mjomba alale ubavu, akunje magoti kama anavyolala siku zote. Nikaipitisha kamba kutoka ardhini upande wa mgongo, juu ya bega, mpaka ardhini mbele yake. Tukapima kwa shubiri zangu: zikatoka tano, yaani kama sentimita 115. Nikalipima blanketi nililomnunulia: sentimita 120. Kumbe lilikuwa linagusa ardhi na kukoma! Hapo ukiongeza shubiri moja kila upande unapata shubiri saba, sentimita 160 hivi. Mtu mnene aongeze zaidi.

Je, tununue pana kupita kiasi ili tuwe salama? La hasha. Blanketi pana mno ni zito, bei yake kubwa, linaburuta vumbini, na kulifua na kulikausha ni kazi. Wahenga walituusia tunyooshe miguu kwa kadiri ya shuka letu, lakini walizungumzia urefu. Upana walituachia tujipimie wenyewe.

Basi uingiapo dukani na muuzaji akakuuliza kitanda futi ngapi, ujue kwamba hiyo nne kwa sita anayoitaja ni ya kitanda. Mwombe alikunjue blanketi lenyewe, ulipime kwa shubiri zako. Na kabla ya hapo jiulize: huyu ninayemnunulia analala wapi? Mlinzi wa ghala la pamba halali kitandani. Utingo wa lori hulala juu ya shehena au chini ya gari. Na sisi sote, matajiri kwa maskini, ukitufika msiba tutalala chini. Blanketi linalofaa chini litafaa na kitandani. Lile la kitandani peke yake litakuacha siku ile unapolihitaji zaidi.

Tuna desturi sisi watu wa mjini ya kuwatumia wazee wetu vitu vizuri bila kuwauliza neno. Tunauliza bei, tunauliza rangi, kisha tunasubiri shukrani. Nao wazee, kwa adabu zao, hushukuru na kunyamaza. Mjomba alilivumilia blanketi langu miaka yote hiyo, na asingesema kama nisingeuliza.

Nilimpelekea jingine, shubiri saba kamili. Lile la kwanza hakulitupa. Amelitandika juu ya kamba za kitanda, chini ya mgongo wake, linazuia upepo. Aliponieleza hivyo kwa simu alicheka, na hicho kilikuwa kicheko chake cha kwanza nilichokisikia tangu mazishi.

Ndugu msikilizaji, usiku mwema. Tukutane tena wiki ijayo, panapo majaliwa.