Maji na Chumvi

Kule Hawaii, visiwa vya Marekani, kuna mashindano ya siku moja: mutu anaogelea kilometa 3.8, anapanda kinga kilometa 180, kisha anakimbia 42. Jua ni kali. Mwaka 1982 Julie Moss alikuwa mbele ya wanawake wote. Akaanguka karibu na mwisho, akafika akitambaa, wa pili.

Wageni wanaonywa: fika mbele, mwili uzoee joto. Jasho linatoka na chumvi. Maji matupu mengi yanaweza kudhuru.

Mama, mtoto anayehara anapoteza vilevile. Chukua maji lita 1 yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, visifurike. Umpe kidogo kidogo, usimkatie ziwa. Akilegea, mlete hospitali mbio.