Malaika ya Majani: Namna ya Kuitambua Mimea ya Jamaa ya Alizeti

 

Jamaa ya alizeti ni kubwa mno; aina zake ulimwenguni hupita 23,000. Baadhi ni majirani zako hapo Ipagala: alizeti yenyewe shambani, kishona-nguo kandoni mwa njia, na mchunga tunaoula mboga. Bwana Cassini, Mfaransa aliyekufa mwaka 1832, aliigawa jamaa hii katika makundi kwa kuchungua sehemu ndogo ndogo za ua. Kazi njema hiyo. Lakini utafanyaje ikiwa ua halijatoka, na ulicho nacho mkononi ni jani tu?

Basi tazama malaika yake. Jani lina malaika kama mkono wako ulivyo nayo. Papasa jani la alizeti, utasikia linavyokwaruza. Chini ya hadubini utaona kwamba kila laika lina umbo lake. Mengine ni kama sindano, seli zimepangwa mstari mmoja mpaka nchani. Mengine yana kichwa kilichojaa mafuta, na humo hutoka harufu ya jani. Mengine yana kikonyo kifupi na mikono miwili, mfano wa herufi T.

Sasa tuje kwenye faida yake. Liko gugu baya liitwalo gugu karoti, asili yake bara la Amerika, ambalo lilionekana Arusha mwaka 2010. Huwasha ngozi, huharibu malisho, na mche mmoja hutoa mbegu zaidi ya 10,000. Kabla ya kuchanua, majani yake yamechanika-chanika kama ya karoti. Na hivyo ndivyo yalivyo majani ya atemisia, mmea wa Uchina uliotoa dawa ya malaria. Kwa kazi hiyo Bibi Tu Youyou alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. (Dawa yenyewe hutengenezwa ndani ya malaika yenye vichwa! Ila sikuambii uchemshe majani unywe. Shirika la Afya Duniani halikubali jambo hilo.)

Jirani akikuletea mche akasema ni atemisia, usikimbilie kuupanda. Vaa glavu, chuma jani changa, kwani jani likizeeka malaika mengi hupukutika. Likwangue polepole kwa wembe upande wa chini, uweke ulichokwangua katika tone la maji juu ya kioo, ukifunike, na ukikuze mara 100. Maabara ya shule ya sekondari yatosha kwa kazi hii. Ukiona malaika ya herufi T, mche huo waelekea kuwa atemisia. Gugu karoti halina hayo. Lina sindano, na mengine yamefungana kama ushanga uliotungwa.

Jihadhari, usiyahesabu malaika ukadhani umepata jibu. Idadi hubadilika kwa jua na ukame, nasi Dodoma ukame tunaujua. Umbo ndilo lisilogeuka kwa urahisi.

Kabla ya kipindi kijacho, chuma majani mawili ya kishona-nguo, moja la kivulini na moja la juani, uyakwangue yote mawili, na uchore unachokiona.